Wino wa Mwenzako Haufutwi

Faili la kijani lilirudi kwenye kiwanda cha uchapaji Jumatatu asubuhi, safari yake ya tano, na mara hii hata geti lilikuwa limepandishwa cheo.

Msahihishaji aliliona kabla hajakalia kiti. Ukurasa wa pili, mstari wa saba, palipoelezwa jinsi wageni wa mahafali ya kwanza walivyopokewa getini, mtu alikuwa ameichora upya ile "gate" ya Kiingereza kwa wino wa zambarau ikawa "Gate", na G yenyewe imetunisha kifua kama askari wa gwaride. Mstari wa nane, "Kitchen". Mstari wa kumi, "Garden". Chini kabisa, karibu na namba ya ukurasa, bomba la maji nalo lilikuwa limepewa herufi kubwa, tena kwa wino wa waridi.

"Bomba!" alisema kwa sauti. "Jamani, bomba!"

Mzee Roli, fundi wa mashine, aliinua kichwa kutoka kwenye kopo lake la wino. "Limepasuka?"

"Limeteuliwa."

"Hongera zake," alisema Mzee Roli, akarudi kwenye kopo.

Pale kiwandani dada huyu walimwita Kalamu, kwa sababu ile nyekundu haikutoka sikioni mwake hata wakati wa kula. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na stashahada ya lugha aliyosomeshwa na cherehani ya mama yake, pindo kwa pindo. Alikipenda Kiswahili kama mtu anavyoupenda mkono wake wa kulia, na Kiingereza alikiheshimu kama jirani mwenye mbwa: unajua mipaka yake, unapita salama. Ndiyo maana kazi hii ilimtoa roho. Kilikuwa kitabu cha kurasa arobaini cha kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya chuo cha wauguzi. Kimeandikwa Kiingereza kuanzia jalada hadi jalada, na kingesomwa na watu ambao wakijikwaa kidole hulia kwa Kiswahili.

Haya, yamekwisha, ni Kiingereza. Basi kiwe Kiingereza. Kanuni yenyewe haina uchawi. Herufi kubwa ni ya nomino za pekee: jina la mtu, la mji, la mto, la chuo chenyewe likiandikwa kamili. Nomino za kawaida, zile zinazoweza kumwangukia yeyote, kama mkuu, mhasibu, jiko, hubaki na herufi ndogo. Cheo hupanda pale tu kinaposhikamana na jina la mtu. "Principal" fulani bin fulani, kubwa. "The principal" aliyefungua dirisha, ndogo. Mtoto wa darasa la sita angeelewa. Lakini mtoto wa darasa la sita hana ofisi yenye zulia.

Chuoni kulikuwa na Kamati ya Kitabu, na kila mjumbe alikuwa na rangi yake. Mwenyekiti, kijani. Mkuu wa Chuo, zambarau. Mhasibu, bluu. Matroni, waridi. Katibu, nyeusi. Na juu ya jalada la faili ilikuwa imebandikwa karatasi iliyopigwa chapa na kutiwa muhuri:

KILA ALIYETAJWA ASOME, AREKEBISHE PANAPOMHUSU, NA ATIE SAINI. NI MARUFUKU KUFUTA WINO WA MWENZAKO.

Sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitungwa mwaka ambao Mhasibu alifuta sahihisho la Matroni kwenye ratiba ya mitihani, na wawili hao wakanuniana mihula miwili mizima, wakitumiana ujumbe kupitia mfagiaji ilhali meza zao zinatazamana. Tangu hapo wino ukiingia, umeingia. Unaongezwa, haupunguzwi. Kwa hiyo kila Kalamu aliposhusha herufi kwa wino wake mwekundu, faili lilirudi na herufi ile ile imepandishwa upya, na nyingine mbili za kuisindikiza. Mhasibu akiona Matroni kapanda, naye alipanda. Matroni akiona ghala la Mhasibu limepanda, alilipandisha bomba lililo nje ya bweni lake. Ilikuwa kama mashindano ya kofia.

"Mimi je?" Kalamu alikuwa amemwuliza Katibu raundi ya pili. "Mbona wino wangu mnaufuta?"

"Wewe hukutajwa," alijibu Katibu kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya.

Sasa Katibu mwenyewe alikuwa mlangoni, suruali imenyooka, bahasha kwapani. Bosi wa kiwanda alitoka ofisini kumlaki, mwanamke mwenye sauti nene, aliyeweza kuisema mashine ya kukatia karatasi mpaka ikanyamaza.

"Katibu, karibu. Niambie tumemaliza."

"Tumekaribia, Bosi. Karibu sana."

"Karibu sana uliniambia mwezi jana. Pleti zangu za kuchapia nachoma Alhamisi jioni. Mashine inanguruma Ijumaa asubuhi. Sherehe yenu Jumamosi. Usipoleta saini zote Alhamisi, mtawagawia wageni karatasi tupu wajiandikie."

"Katibu," Kalamu aliingilia, "naomba dakika moja tu. Kwa nini bomba?"

Katibu aliinama juu ya ukurasa. "Ah. Hilo ni la Matroni."

"Najua ni la nani. Ni nomino ya kawaida! Bomba lolote ni bomba. 'Principal' hapa mstari wa nne, bila jina mbele yake, nayo ni nomino ya kawaida..."

"Dada." Katibu alishusha sauti na kutazama nyuma yake. "Nirudi kwa Mkuu nimwambie yeye ni wa kawaida?"

"Nomino ndiyo ya kawaida! Si yeye!"

"Yeye ataisikia hivyo?"

Mzee Roli alikohoa kicheko ndani ya kitambaa cha kufutia wino. Kalamu alihesabu mpaka kumi kimoyomoyo, akafika sita.

"Sikuja kwa mabomba," alisema Katibu, akafungua bahasha. "Nimeleta ukurasa wa mwisho. Wa arobaini. Waliokuwepo siku mlango unafunguliwa."

Kalamu aliunyakua kabla hajamaliza kusema. Ukurasa huu aliusubiri wiki tano. Si yeye tu. Nyumbani, kila jioni, mama yake alimwuliza swali moja kabla hata ya kumwuliza kama amekula: "Kitabu kimefika ukurasa wangu?" Mama alikuwa fundi wa kushona wa chuo kile tangu siku ya kwanza kabisa, na mwisho wa mwezi huu alikuwa anastaafu. Hakuomba sherehe, hakuomba saa ya ukutani. Alichotaka ni kitabu. Alikuwa amekwisha kukitengea nafasi kabatini, kati ya picha ya baba wa watoto wake na sahani ambazo haziguswi, na alikuwa amewaambia majirani, tena si mmoja, kwamba jina lake litachapwa.

Ukurasa ulikuwa safi, bado haujapigwa wino wa mtu. Mstari wa kwanza, Mkuu wa kwanza, jina lake kamili. Wa pili, Mhasibu, jina kamili. Matroni, jina kamili. Walimu watatu, majina kamili. Mpishi, jina kamili. Halafu, mwisho kabisa, mstari mfupi kama mkia uliokatwa: "and a tailor".

Na fundi mmoja wa kushona.

Kalamu aliusoma mara mbili. Alitafuta kosa lake, maana kosa ndilo alilolipwa kulitafuta, na kwa kanuni hakulikuta. Nomino ya kawaida, herufi ndogo. Katika kitabu kizima, hii ndiyo nomino pekee ambayo Kamati ilikuwa imeiandika sawasawa.

"Katibu. Huyu hana jina?"

"Yupi?"

"Wa mwisho."

"Oh, Fundi!" Uso wa Katibu ulichangamka. "Yule mama mwema sana. Koti hili kanishonea yeye. Ila katika daftari la siku ya kwanza hakuandikwa jina. Aliitwa siku mbili kushona mapazia, na cherehani yake mwenyewe kwenye mkokoteni. Limeandikwa 'fundi mmoja' tu. Tumefuata daftari."

"Siku mbili. Na bado yupo?"

"Mapazia yalikuwa mengi," alisema Katibu akicheka, kisha akaona uso wa Kalamu, akaacha kucheka.

"Basi liongeze jina. Una wino mweusi mfukoni. Liongeze sasa hivi, nakutajia."

"Siwezi, dada. Soma jalada. Arekebishe panapomhusu. Mimi pale hapanihusu. Nikianza kuandika mahali pa watu, kesho Mhasibu ataandika pangu."

"Basi Kamati iamue."

"Kikao cha marekebisho ya majina ni mwezi ujao."

"Sherehe ni Jumamosi!"

"Ndiyo maana nasema," alijibu Katibu kwa masikitiko ya kweli, "ni bahati mbaya."

Alipoondoka, Bosi aliwasha kikokotoo kisha akakizima. Alimjua mama yake Kalamu. Aproni za kiwanda zilitoka mikononi mwake. "Usinichafulie mteja," alisema. "Lakini faili liko kwako mpaka Alhamisi. Mimi sijui unalipeleka wapi."

Jioni ile, kabla hajavua viatu, swali lilimpokea mlangoni. "Kimefika?"

Kalamu alikuwa hodari wa kuyasema maneno, si wa kuyaficha. "Kimefika, Mama."

"Wameandikaje?"

Alimwambia. Mama alikuwa anasokota uzi kwenye bobini ya cherehani. Gurudumu liliendelea kuzunguka muda kidogo baada ya mkono kuacha.

"Mpishi wamemwandika jina?"

"Wamemwandika."

"Alistahili. Alikuwa na mkono mzuri." Akakata uzi kwa meno. "Nami niliwaambia watu. Mdomo huu! Ningenyamaza ningepungukiwa nini?"

Ni hilo lililomchoma Kalamu. Mama yake hakuikasirikia Kamati, alijikasirikia mwenyewe kwa kutumaini. Akaenda kabatini, akazisogeza zile sahani kidogo kuelekea kwenye picha, nafasi ikazibika, kama kwamba hapo hapajawahi kuwa na mpango.

Jumanne nzima Kalamu aliandika. Kurasa mbili, kwa Kiswahili safi, akiieleza Kamati herufi kubwa ni nini na si nini, tangu mkuu mpaka bomba, kwa mifano. Yalikuwa maandishi mazuri, na alijua hakuna atakayeyasoma. Jumatano saa sita mchana alikuwa bado anayasafisha, jicho lake likaangukia jalada la faili, ile karatasi aliyokwisha kuiona mara mia mpaka akaacha kuiona.

Kila aliyetajwa.

Aliisoma tena. Haikusema kila mkubwa. Haikusema kila mjumbe. Alizitia zile kurasa mbili mkobani, akalikumbatia faili na kutoka mbio, kalamu sikioni, Mzee Roli akipiga kelele nyuma yake, "Bomba limepasuka kweli?"

Chumba cha kushonea cha chuo kilikuwa nyuma ya chumba cha dobi, dirisha moja, meza ndefu iliyochongeka ukingo kwa mikasi ya miaka. Aproni nyeupe za wahitimu zilikuwa zimepangwa kwa mafungu, na Mama, miwani puani, alikuwa anatarizi kifua cha moja kwa uzi mwekundu. Kila mhitimu alipewa aproni yenye jina lake. Kando, kwenye misumari, yalining'inia makoti ya ofisi, nayo yametariziwa kwa bluu: matroni, mhasibu, mkutubi. Herufi ndogo zote. Kalamu aliyapita makoti yale tangu utotoni bila kuyatazama. Leo alisimama.

"Mama, mbona haya hukuyawekea herufi kubwa?"

"Yapi? Koti la kazi?" Mama hakuinua kichwa. "Koti linarithiwa. Leo huyu, kesho yule. Nalishonea kazi, basi. Aproni ndiyo ya mtu, ataondoka nayo. Hiyo naianza kwa herufi kubwa. Jina la mtu halianzi kwa kunong'ona."

Kalamu alikaa juu ya fungu la vitambaa. Mihula minne ya stashahada, na kanuni nzima ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya dobi.

"Inuka, unakalia mahafali ya watu," alisema Mama. "Na mbona hukula? Umekuja na faili la wakubwa kufanya nini?"

"Umetajwa."

"Nimetajwa kazi."

"Kutajwa ni kutajwa. Soma sheria yao, ina muhuri. Kila aliyetajwa asome, arekebishe panapomhusu, atie saini." Akafungua ukurasa wa arobaini na kuutandaza mezani. "Hapa panakuhusu. Hapahusu mtu mwingine duniani."

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Watasema nimejipendekeza."

"Mama, Matroni kalipandisha bomba."

"Lipi, la uani? Lile linalovuja?"

"Hilo hilo."

Mama aliguna, mguno mrefu wa mtu aliyechota maji pale miaka ishirini na mitano. Akauvuta ukurasa karibu. "Haya. Wao wana wino wa rangi rangi. Wangu uko wapi?"

Kalamu alichomoa kalamu yake sikioni, kisha akasita. Nyekundu ile ilikuwa yake, na nyekundu yake haikuhesabiwa. Walikuwa wamekwisha kuifuta mara nne. Alipapasa mfukoni, akaangaza meza. Hakukuwa na kalamu, chaki tu ya kuchorea kitambaa.

"Acha kupapasa kama kuku," alisema Mama. "Mwenye kalamu na aandike."

Akakata kipande cha bitana ngumu, akakiweka nyuma ya karatasi ili isichanike. Akatoboa matundu kwanza, moja moja, kwa sindano tupu, akipima kwa jicho. Ndipo akapitisha uzi mwekundu. Karatasi ililia ti, ti, ti. Juu ya ile "a tailor", pembeni kidogo, herufi ya kwanza ilisimama, kubwa, yenye mgongo ulionyooka, kisha ndogo zake zikafuata kama vifaranga. Akaruka nafasi. Herufi kubwa ya pili. Alipomaliza aligeuza ukurasa, akafunga fundo, akalipiga pasi kwa ukucha.

"Saini je?" aliuliza Kalamu.

"Fundo ndilo saini. Nenda, utachelewa kazini."

Alhamisi saa tisa alasiri Kalamu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu, akizisubiri saini. Faili lilikuwa ndani na Kamati nzima. Kupitia mlangoni alisikia kurasa zikigeuzwa haraka haraka, kila mtu akijitafuta, akijikuta, akiguna kwa kuridhika. Kisha sauti ya Katibu, nyembamba: "Nani kashona hati ya Kamati?"

"Mwiteni huyo wa kiwandani!"

Aliingia. Wote watano walikuwa wamesimama kuizunguka meza kama watu walioona nyoka.

"Binti," alisema Mwenyekiti, mzee mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, "hii ni nini?"

"Ni sahihisho, Mwenyekiti. Aliyetajwa kasoma, karekebisha panapomhusu, kasaini."

"Kwa sindano?"

"Sheria yenu haikutaja kalamu."

"Upuuzi," alisema Mhasibu, akanyoosha mkono. "Hili si la kujadili. Niletee kiwembe, tunafumua."

"Gusa uone," alisema Matroni.

Matroni alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imekunjwa kifuani juu ya koti lenye neno la bluu. "Kufumua ni kufuta. Mwaka ule ulifuta wangu, ukasema hukujua. Leo umejua?"

"Matroni, ule ulikuwa wino! Huu ni uzi!"

"Uzi ndio mgumu zaidi kutoka. Katibu, sheria inasemaje?"

Katibu alilisoma jalada kwa sauti, ingawa wote waliijua kwa moyo. Mhasibu aliurudisha mkono mfukoni taratibu. Kalamu alitazama, asiamini. Alikuja na hotuba ya haki na heshima, na kumbe mlango unafunguliwa na kinyongo cha ratiba ya mitihani ya zamani!

"Lakini," alisema Mwenyekiti, akiinamia ukurasa, "ana herufi mbili kubwa. Mimi kwenye utangulizi nina moja."

"Ni jina, Mwenyekiti," alisema Kalamu kupitia meno. "Hapo kwenye utangulizi ni cheo. Jina lako liko chini yake, nalo lina mbili. Hakuna aliyekuzidi."

Mwenyekiti alihesabu kwa kidole. Alizikuta. Akatulia.

Mkuu wa Chuo aliuchukua ukurasa, akaugeuza nyuma, akaligusa lile fundo, akaugeuza mbele. Kisha alilisoma jina kwa sauti, polepole, lote, kama mtu anayesoma kibao cha mtaa ambao amekaa miaka bila kujua unaitwaje.

"Kumbe ndivyo anavyoitwa," alisema. "Sisi tumemwita Fundi tu."

Katibu alitazama mikono ya koti lake.

"Nawe una undugu naye?" Mkuu alimwuliza Kalamu. "Maana umelishika hili faili kama mtoto."

"Ni mama yangu."

"Ahaa." Mkuu alikaa. Akatoa kalamu yake ya zambarau, akaifungua, akaishikilia hewani. "Basi tufanye hivi. Uzi unabaki. Sheria ni sheria. Lakini sheria ni sheria kwa wote, binti. Wino wetu nao unabaki. Wote. Usiniletee tena ule wekundu wako. Kila mtu abaki na herufi zake, tutie saini, twende."

Kalamu aliziona zikipita mbele ya macho yake: jiko, bustani, ghala, bomba. Geti. Nakala mia tano. Mkobani alikuwa na zile kurasa mbili, mifano na yote, na kila neno ndani yake lilikuwa la kweli. Angeweza kuzitoa. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi, na mjini Bosi alikuwa amesimama kando ya pleti.

Alizisukuma zile kurasa chini zaidi, mpaka zikakunjamana.

"Sawa, Mkuu," alisema.

"Hata bomba?" aliuliza Matroni, akimtazama kwa wasiwasi.

"Hata bomba, Matroni."

Zikatiwa saini tano, rangi tano. Ya sita ilikuwa tayari, imefungwa fundo.

Ijumaa mashine ilinguruma tangu asubuhi. Kalamu alisimama pembeni akitazama herufi kubwa zikishuka kwa mamia, moja juu ya nyingine, na kila karatasi ya pili alifumba macho.

"Usilie," alisema Mzee Roli, akipangusa mikono. "Hakuna anayesoma mpaka ukurasa wa pili."

"Mimi nimesoma!"

"Wewe una ugonjwa, mwanangu. Shika." Akampa nakala ya kwanza, pini zake bado za moto.

Mama alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba, akingojea bila kuonekana anangoja. Alinawa mikono kwanza, akaikausha, ndipo akakipokea. Hakuanza mwanzo. Alikifungua nyuma, ukurasa wa arobaini, akateremsha kidole mpaka mstari wa mwisho. Kidole kikasimama. Alilipapasa jina lake mara moja, akaugeuza ukurasa nyuma, akautazama, akaurudisha.

"Halina fundo," alisema.

"Limechapwa, Mama. Halifumuki."

Mama alilisoma tena, midomo ikisogea bila sauti. Kisha akaenda ndani. Kalamu alisikia sahani zikisogezwa kabatini, zikirudishwa mahali pao pa zamani. Aliporudi bado alikuwa na kitabu mkononi. Hakuwa tayari kukiweka. Akakaa, akaanza kukipekua kutoka mwanzo, kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine.

"Hii hapa," alisema kwenye ukurasa wa pili, "yenye kichwa kikubwa hivi. Ni nani huyu?"

Kalamu alichungulia. Alivuta pumzi, akaitoa. "Ni geti."

"Geti?"

"Geti, Mama."

Mama alilitazama lile G juu ya miwani yake, muda mrefu, kwa jicho la fundi. "Na limeanza kazi lini?"

"Walilijenga mwaka wa tatu."

"Basi," alisema Mama, akifungua ukurasa mwingine, "lilipaswa kutajwa nyuma yangu."

Kalamu alichomoa kalamu sikioni, akamsogelea, akauliza kama anaweza kurekebisha nakala hii moja tu, moja tu duniani. Mama alikibana kitabu kifuani.

"Usiniguse. Umesahau sheria?"